Siku Tatu za Kuutafutia Mkindu Ukoo

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Ruiru ananiuliza: ati mzee wa miaka sitini na tatu alienda kutafuta nini Gatuanyaga na baiskeli? Wengine wametia chumvi. Nasikia niligombana na mke wangu, nasikia nilienda kuangalia shamba. Sikugombana na mtu na shamba sina haja nalo. Naandika haya mara moja ili nisiyarudie kwenye kila kinyozi na kila duka la mbegu. Na mtakaocheka kwamba hiyo si safari, kwamba gari linafika kwa saa moja, chekeni tu. Mimi ilinichukua siku tatu.

Ruiru: shauri la Njoroge

Nyuma ya kanisa letu, pale mto unapokata kona, kuna kichaka cha mikindu. Asiyeujua mkindu, huo ni ndugu wa mnazi na mtende, ila ni mwembamba, na mashina mengi hutoka kwenye kisiki kimoja. Nilipoanza kusali hapo mashina yalikuwa kumi na tisa. Mwaka huu yaliyo hai ni matano. Mengine yamesimama bila kichwa, makavu, ndege wametoboa mashimo humo.

Mimi ndiye hukata makuti ya Jumapili ya Matawi. Kazi hiyo nilipewa nikiwa kijana wa kufundisha Kiswahili shule ya msingi, na kwa miaka ishirini na minane sijamwachia mtu. Napanda ngazi na panga, naleta makuti machanga meupe, na akina mama wanayasuka misalaba ya kugawia watu wote. Nilijivunia kazi hiyo, siwezi kuficha.

Sasa kanisa linataka ukumbi, na ukumbi unataka kiwanja. Mwenyekiti wa kamati ni Njoroge, mjenzi, rafiki yangu wa siku nyingi na mbishi kunishinda, jambo ambalo si rahisi. Kwenye mkutano alisema mikindu ing'olewe.

"Hiyo miti ililetwa na mzungu wa kahawa," alisema. "Aliipanda ya urembo. Haikubaliani na udongo wetu, ndio maana inakufa mmoja mmoja. Wacha iende."

Nilisimama kwa hasira. Nikasema inakufa kwa kiangazi, kwa dawa za kahawa zinazoshuka mtoni, na kwa watu kama yeye wanaomwaga simiti kila mahali. Njoroge aliniacha nimalize, halafu akasema kwa upole, na upole wake ndio huniudhi zaidi, "Mwalimu, ukinionyesha kwamba ni mti wa hapa tangu zamani, ukuta nitaupinda mimi mwenyewe. Jumamosi tunakata shauri."

Ilikuwa Jumanne. Nilirudi nyumbani nikazungukazunguka sebuleni. Mti hauna kitambulisho cha taifa, utauthibitisha vipi? Ndipo nikafikiria jina. Mti ulioletwa huja na jina lake. Blugamu, yaani mkaratusi, ilipoletwa na wageni, sisi Wagĩkũyũ tuliiita mũringamu, na ukilisikiliza jina unamsikia mgeni aliyeileta. Lakini mkindu tunauita mũkĩndũ, na Mswahili wa pwani anauita mkindu. Pwani na hapa ni mbali, na hakuna mzungu katikati yetu hapo. Nikajiambia, nikilipata jina hilohilo vinywani mwa watu wengine wa mbali, nitajua neno limezeeka kuliko shamba lolote la kahawa.

Mke wangu aliniuliza kama neno linaweza kuzuia trekta. Nikamwambia tutaona.

Ruiru hadi Thika: nageuzwa daktari

Jumatano asubuhi nilifuata njia za ndani, kandokando ya kahawa. Kabla ya Juja gurudumu la nyuma likaishiwa na pumzi. Nilisukuma hadi kwa fundi. Fundi alikuwa ameenda kunywa chai. Jirani yake aliniambia nisubiri kidogo, na kidogo hicho kilikuwa saa moja na nusu. Aliporudi alikuta misumari miwili ndani ya tairi moja, akanipongeza.

Nilikuwa namwendea Wafula, mzaliwa wa Bungoma, aliyekuwa jirani yangu Ruiru kabla hajahamia karibu na kiwanda cha nguo anakofanya kazi, Eneo la Viwanda Thika. Nilifika king'ora cha mchana hakijalia. Nikaketi kwenye kibanda cha chakula mkabala na lango, nikaagiza chapati na madondo. Maharagwe yalikuwa mazito, yamepikwa na karoti, na kwa njaa ile niliongeza sahani.

Ili nisikae bure nilimwonyesha mama wa kibanda picha ya mkindu niliyoichora kwenye daftari, nikamuuliza kwao unaitwaje. Akaipindua akaitazama pande zote.

"Hii ni ya tumbo ama ya presha?"

"Si ya kutibu, mama. Natafuta jina tu."

"Hao wa ukweli huwa hawasemi," alimwambia mwenzake. Kisha akanigeukia. "Daktari, na ya mgongo uko nayo?"

Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyozidi kuniamini. Wafanyakazi walipotoka nilikuwa na wagonjwa wanne wamenizunguka, mmoja amekwisha kuvua kiatu anionyeshe kidole. Wafula alinikuta hapo, nywele zake zimejaa nyuzi za pamba, akacheka mpaka akashika meza.

"Mwalimu, umetoka Ruiru na baiskeli kuja kuniuliza jina la mti? Si ungepiga simu?"

"Kwenye simu ungenijibu harakaharaka."

Aliitazama ile picha. Hakufikiria hata kidogo. "Hii ni kumukhendu. Kukhu wangu, nyanya yangu, alikuwa anasukia mikeka. Tulikuwa tunatumwa mtoni tumletee, na ile miiba, wacha tu."

Nilimwomba arudie mara tatu. Wacha niwaeleze kilichonifurahisha, na msiojali maneno rukeni hadi sehemu inayofuata. Mimi si mtaalamu, nimesoma tu vitabu vichache tangu nistaafu. Pale sisi tunapotamka k, Wabukusu mara nyingi hutamka kh. Kwa Kiswahili tunasema kula, wao wanasema khulya. Neno lililoazimwa juzi lingekuja na k yake vilevile. Lakini hili limevaa kh kama yale maneno ya kula, ya nyumbani, ya tangu bibi wa bibi. Kwa hiyo halikupandishwa treni Mombasa likashushwa Bungoma. Walikuwa nalo.

Kuna jambo jingine limenikaa kichwani. Watu waliotuachia lugha hizi walitoka magharibi kwenye misitu ya mvua, na huko walikuwa na majina ya mchikichi, ule wa mafuta ya mawese. Wanaisimu huyaandika majina hayo na kinyota kidogo mbele, maana yake hakuna aliyeyasikia yakisemwa, yamekisiwa kutokana na wajukuu wake, maneno yasemwayo leo. Watu hao walipofika huku kwetu kukavu hawakuuona mchikichi tena. Jina lake likafanya nini? Mahali pengine lilikufa, mahali pengine likapewa mti mwingine wa ukoo ule, na wapo wanaodhani hata neno nazi ni mjukuu wake, ingawa bado wanabishana. Mkindu haukupata shida hiyo. Unamea kando ya mito, na watu hufuata mito. Kila walipofika kwenye maji waliukuta umesimama, wakauita kama walivyouita nyuma.

Nilimwambia Wafula haya yote huku muda wake wa chakula ukiisha. Alisikiliza vizuri, halafu akaniharibia.

"Lakini jina ni la watu, mwalimu. Mimi naitwa Wafula na watoto wangu wamezaliwa Thika. Ule mti wa kwenu, wenyewe, bado mzungu anaweza kuwa aliupanda."

King'ora kikalia akaingia ndani. Nilibaki na chapati mkononi. Alikuwa amesema kweli. Nilihitaji kuuona ukiwa mwituni, bila kupandwa na mtu, kwenye maji yaleyale. Na maji ya mto Ruiru huishia Athi, mbele ya Gatuanyaga.

Thika hadi Gatuanyaga: mti usio wenyewe

Nililala kwa Wafula, na Alhamisi nikaondoka mapema. Baada ya mashamba ya mananasi lami iliisha na vumbi likaanza, jekundu, laini, linaloingia hadi kwenye meno. Nilisalimia kila niliyempita. Mwanamume mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi nilimuuliza mũkĩndũ uko wapi, akaniambia iko mingi sana, nikunje kushoto, niende mpaka mwisho. Nilikwenda kama kilomita mbili za mchanga. Nikakuta mstari mrefu wa mĩkindũri, ile miti ya kuni na kivuli inayoota kila mahali. Sikumlaumu. Nani huutafuta mkindu siku hizi?

Niliporudi barabarani mnyororo ulikatika. Nilisukuma baiskeli hadi jua likawa utosini, ndipo kijana wa bodaboda akasimama. Aliitwa Maina.

"Niaje, mzee. Hiyo haiendi mahali. Panda, tuibebe."

Tuliibeba baiskeli kwa kuilaza mapajani mwangu, gurudumu moja kila upande, kila shimo likinikumbusha umri wangu. Maina alitaka kujua ninafanya kazi ya nani. Nilipomwambia natafuta mti ili kanisa lisiukate, alipunguza mwendo.

"Kwani huo mti ni wako?"

"Ni wa kanisa."

"Sasa mbona unakuuma hivyo?"

Nilisema kitu kuhusu urithi. Ukweli ni kwamba sina mtoto aliyebaki Ruiru, shule nimeiacha, na siku ile moja ya mwaka, ninaposhuka ngazi na makuti meupe begani na watu wote wananingoja, ndiyo siku ninayojua kazi yangu ni nini.

Mama yake Maina alinikaribisha bila maswali. Alinipa githeri ya mahindi na maharagwe, na maziwa ya mbuzi, akamtuma mwanawe na mnyororo kwa fundi, na fundi akasema kesho. Kesho ikawa kesho. Jioni, tukichambua mbaazi, nilimuuliza kuhusu mũkĩndũ.

"Hiyo iko huko chini mtoni," alisema. "Kuna mama wa Kikamba anasuka nayo. Syombua. Huyo ndiye atakuambia, mimi najua tu kulalia mikeka yake."

Gatuanyaga hadi Athi: mkono na panga

Mnyororo ulipatikana Ijumaa saa tatu. Niliteremka kuelekea mtoni na kabla sijayaona maji niliiona yenyewe. Mikindu. Si mitano, si kumi na tisa. Ilikuwa pande zote mbili za mto, imejichanganya na matete na mawe, mingine imeinama mpaka makuti yananawa. Hakuna anayepanda mti katikati ya mawe ya mto. Niliishika baiskeli nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu.

Mama Syombua alikuwa ameketi juu ya mkeka ambao haujaisha, miguu ameinyosha, anasuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa pamoja kuwa mkeka. Ni mtu wa rika langu. Nilimwamkia kwa Kikamba changu kibovu, akanijibu kwa Kiswahili ili nisiteseke. Aliita mti ule mũkĩndũ, kama mimi, akaniuliza kama sijawahi kusikia mji wa Makindu, njia ya Mombasa, ulipata wapi jina. Nikaandika. Pwani, Ukambani, kwetu, Bungoma. Nilikuwa nimeshinda, na nikaona Njoroge akipinda ukuta wake.

Basi nikawa na maneno mengi, nikataka kumwona akivuna. Alisimama, akaenda kwenye shina fupi, akashika kuti lililofumba kama mkuki pale katikati, akalivuta kwa mkono mtupu. Likagoma. Akaliacha akaenda kwenye shina jingine. La hapo lilitoka taratibu, likilia kidogo.

"Mbona lile umeliacha?"

"Halijataka kutoka. Ukivuta kwa mkono, linatoka lililokomaa tu. Na nikitoa moja, naacha mengine mawili yafunguke kwanza. Mama yangu alikuwa ananichapa nikirudia shina kabla."

"Hutumii panga?"

"Panga haijui mahali pa kukoma. Pale chini ndani ndipo moyo uko. Kila shina lina moyo mmoja, na huwa hauoti mwingine. Ukiugusa, shina halikuambii. Linakaa hivyo kijani mwaka mzima, wewe unadhani ni zima. Halafu kichwa kinaanguka."

Nilimwambia, polepole, jinsi tunavyokata Ruiru. Ngazi, panga, na kukata chini kabisa, kwa sababu yale meupe ya ndani kabisa ndiyo yanasukika vizuri na akina mama huyapenda. Na kila mwaka tunahamia shina jingine, kwa kuwa lile la mwaka jana limechoka.

Aliliweka lile kuti chini. "Halijachoka, mwalimu."

"Najua sasa."

"Mko wangapi mnaokata?"

"Ni mimi tu," nikasema. "Peke yangu."

Hakunisema. Alinimiminia uji kwenye kikombe, akaniwekea viazi vitamu viwili kwenye sinia, akaketi tena na ukili wake. Mimi niliyemwita Njoroge muuaji mbele ya kamati nzima nilikuwa nimeketi hapo nikihesabu miaka na mashina, na hesabu haikutaka kunisaidia. Kabla sijaondoka aliniita kwenye shina, akaushika mkono wangu kwa wake, tukavuta pamoja, mara tatu, mpaka nikaijua tofauti ya kuti linalokubali na kuti linalokataa.

Kurudi Ruiru: Jumamosi na Jumapili

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Lori la mchanga lilinibeba hadi Thika, nikaendesha sehemu iliyobaki bila kumsalimia mtu. Nyumbani nilimwambia mke wangu kila kitu. Aliendelea kuchambua dengu, halafu akasema, "Si uwaambie tu ya majina? Hiyo inatosha kuokoa miti." Alikuwa amelisema lile nililokuwa nimebeba kutoka mtoni, nikiligeuzageuza njia nzima.

Jumamosi nilisoma daftari langu mbele ya kamati. Nilianza na mũringamu, nikaja mkindu wa pwani, nikaenda kwa Wafula na kh yake, nikamaliza na mikindu ya Athi, mahali maji yetu yanapokwenda. Walisikiliza vizuri kuliko darasa langu lolote. Njoroge aliinua mikono.

"Haya. Nimeshindwa. Ni mti wetu, nitapinda ukuta." Akafunga faili yake, kisha akaifungua tena. "Lakini mwalimu, hilo halijaniambia kwa nini inakufa. Kama ni ya hapa, inakufa kwa nini?"

Ningeweza kusema kiangazi. Nilikuwa nimekwisha kusema kiangazi Jumanne, na kilikubalika. Wengine walikuwa wanavaa makoti.

"Naiua mimi," nikasema.

Nikawaeleza panga, moyo, na mashina kumi na manne. Hakuna aliyecheka. Njoroge alinitazama, na nilijua anakumbuka simiti niliyomtupia usoni. Hakuirudisha. Alisema tu kwamba yeye ni mwenyekiti wa kamati, si wa kanisa, na jambo la makuti ni la watu wote, kwa hiyo watu wote waambiwe kesho, na anayestahili kuwaambia anajulikana.

Jumapili baada ya matangazo niliitwa mbele. Niliwaambia kwa Kiswahili, halafu kwa Gĩkũyũ, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Nikasema mashina matano yaliyobaki yasiguswe mpaka yazae mengine, hata kama mimi sitakuwepo kuyaona. Kiti cha mbele kuna mama anayesuka misalaba tangu kabla sijaanza kukata. Aliuliza, bila kusimama, "Na mwaka ujao Jumapili ya Matawi tutainua nini?"

"Mikono," nikamwambia. "Tutainua mikono mitupu, na mimi nitatangulia."

Alifikiria. Kisha akasogea kwenye benchi, akaniachia nafasi nikae.